Mtoto wa makaoni anaumizwa miaka na miaka, wakaguzi wanakuja na kuondoka. Kwa nini hasemi?

#1 Kalamu_Nzito
Wakuu, habari za muda. Kuna jambo linanisumbua na naomba tulijadili kwa utulivu. Kila ikifumuka kesi ya makao ya watoto, ukifuatilia unakuta mambo hayakuanza jana, ni miaka, na katikati ya hiyo miaka wakaguzi walikuja, maafisa ustawi walikuja, wafadhili wakapiga picha, na watoto waliulizwa kabisa mnaishi vizuri hapa? wakajibu ndiyo. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto (2013 hadi 2017) ilikaa faraghani na manusura zaidi ya 8,000, ikaona kwa wastani ilimchukua mtu miaka 23.9 mpaka amwambie mtu yeyote. Miaka 23! Mtoto alifanyiwa akiwa na miaka 8 anakuja kufungua mdomo amepita 30, ana watoto wake.

Mimi naona tunajidanganya tukidhani mtoto ndiye atakayetuambia. Ila sijui hasa kinachomfunga mdomo ni nini. Ni woga? Ni aibu? Au hajui kama ni kosa? Waliolelewa huko na waliofanya kazi huko njooni mseme.

#2 Zamu_ya_Usiku
Nimefanya kazi makaoni, kwa hiyo naongea nilichokiona. Jibu langu ni woga, lakini sio woga wa kupigwa peke yake. Yule anayemuumiza mara nyingi ndiye anayempa sabuni, ndiye anayesaini fomu zake za shule, ndiye anayejua dawa yake ya pumu iko kabati gani. Mtoto wa nyumbani akigombana na baba kuna mama, kuna bibi, kuna jirani. Huyu wa kwetu hana pa kukimbilia, akimshtaki mtu mmoja amewashtaki wote.

#3 Kitinda_Mimba
Kalamu umeanza vizuri ila tuweke takwimu sawa. Hiyo 23.9 sio ya makao ya watoto peke yake. Ile tume ilichunguza taasisi za kila aina, shule, makanisa, vilabu vya michezo, mpaka magereza ya watoto. Kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha makao. Na walikuta wanaume wanachelewa kusema kuliko wanawake, hilo nalo lina maana yake kwenye huu mjadala maana tukitaja ukatili wa kingono watu wanawaza watoto wa kike tu.

#4 Kalamu_Nzito
Nimekupata Kitinda. Hoja ya wavulana naomba isipotee.

#5 binti_wa_bweni
Nimelelewa makaoni tangu mdogo mpaka nilipotoka kujitegemea. Nitasema kitu kimoja tu kwa leo. Siku ya mkaguzi tulikuwa tunaijua kabla ya yeye kufika, kwa sababu shuka mpya zilitoka stoo usiku wake. Za maua, zina harufu ya karatasi ya dukani bado. Kesho yake tunaitwa ofisini mmoja mmoja, mlango umeachwa wazi, na mkurugenzi amekaa kiti cha pembeni anajifanya anaandika kwenye daftari. Mgeni anakuuliza kwa upole kabisa, unapenda kukaa hapa? Sasa wewe ungejibuje? Na gari lake likishatoka getini shuka zinakunjwa zinarudi stoo. Kwa hiyo msiseme hatukusema, sisi tuliona kwamba huyu mtu hana macho, ukimwambia unajichoma bure.

#6 Mchokozi
Sasa si waje bila taarifa? Tatizo limekwisha, uzi ufungwe tukalale 😀

#7 Kitinda_Mimba
Mchokozi wewe unataka kulala kila uzi. Kuja bila taarifa ni lazima, nakubali. Ripoti ya Ryan ya Ireland, ilitoka Mei 2009, ilichunguza shule za bweni za ufundi na za kurekebisha tabia walikowekwa watoto, zilizokuwa zinaendeshwa na mashirika ya kidini, na hilo ni moja ya mambo iliyoyasema waziwazi, kwamba ukaguzi wa wizara ulikuwa haufanywi kwa kushtukiza, wasimamizi wanajua mapema, na mkaguzi alikuwa ni nadra kuongea na watoto wenyewe. Ni yale yale ya binti hapo #5, nchi nyingine, miaka mingine. Ila kushtukiza peke yake hakutoshi. Ukimshtukiza mkurugenzi umemshtukiza na mtoto pia, amekuona leo kwa mara ya kwanza, una saa moja, halafu unataka akuambie kitu ambacho hajawahi kumwambia hata rafiki yake wa kitanda cha juu?

#8 MamaWawili
Jamani mimi natembelea makao kila nipatapo nafasi, napeleka nguo na madaftari. Nawaona wale watoto wana furaha sana. Nikishuka tu kwenye gari wadogo wananikimbilia, wananishika miguu, wananiita mama, wengine hawataki niondoke. Sio makao yote ni mabaya, tusije tukawavunja moyo wanaojitolea.

#9 Daktari_wa_Kata
MamaWawili, Mungu akubariki kwa moyo wako, naomba usinielewe vibaya. Mtoto wa miaka 2 au 3 anayemkumbatia mtu asiyemjua, anamwita mama na kutaka kuondoka naye, hiyo kitaalamu sio furaha, ni dalili. Mtoto mdogo mwenye mlezi wake maalumu akiona mgeni anajificha kwanza nyuma ya mtu wake, anachungulia, ndipo anasogea. Huyu hana mtu wa kujificha nyuma yake.

Kuna utafiti ulifanyika Bucharest, Romania, baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka 1989 na dunia kuona watoto waliojazwa kwenye zile taasisi. Walichukua watoto 136 wa umri wa miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wapelekwe kwa familia za malezi ya kambo na nusu waendelee na malezi ya kawaida ya pale. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu kwenye akili, kwenye lugha na kwenye uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliotoka mapema, kabla ya miaka 2. Lakini hii tabia ya kumfuata mtu yeyote ilikuwa sugu kuondoka.

Na rudi kwenye swali la Kalamu. Mtoto ambaye kwake watu wazima wote ni sawa, wanakuja, wanambeba, wanaondoka, huyo hana wa kumwambia. Sio kwamba anaogopa, hajawahi kujifunza kwamba kuna mtu ukimwambia unaumia anafanya kitu.

#10 MamaWawili
Daktari umeniumiza lakini asante. Sasa niache kwenda?

#11 Daktari_wa_Kata
Usiache, badilisha namna. Nenda mara kwa mara, usiwabebe beba, usipige picha, na kama unaweza msaidie mfanyakazi mmoja abaki kazini muda mrefu badala ya kuleta zawadi. Mlezi anayedumu ndiye dawa.

#12 Shangazi_wa_Wote
Mimi nasema wazi, hayo makao yafungwe. Save the Children waliandika 2009 kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 walioko kwenye taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Sio yatima! Ni umaskini tu. Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, ya mwaka huo huo 2009, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Hizo hela za kujenga ukuta na kulipa walinzi apewe mama yake uone kama mtoto hatakaa nyumbani. Mtoto akiwa kwa ndugu zake atasema tu.

#13 Nahodha_Mstaafu
Shangazi kwenye umaskini niko na wewe, kwenye hilo la mwisho hapana. Victoria Climbié alikuwa kwa ndugu yake. Mtoto wa Ivory Coast, alichukuliwa na shangazi wa mzazi wake kwamba anakwenda kusomeshwa Ulaya, akafia London Februari 2000 akiwa na miaka 8, mwili wake ulikuwa na majeraha 128. Alikuwa malezi ya kambo na serikali inalipa, na bado.

#14 Kitinda_Mimba
Nahodha rekebisha hapo mwisho. Hakuwa malezi ya kambo ya serikali. Ilikuwa makubaliano ya kifamilia tu na yule shangazi, na ndiyo maana hakuna aliyejiona anahusika moja kwa moja. Ila alipita mikononi mwa idara za ustawi, polisi na hospitali mbili, na ripoti ya 2003 ya Lord Laming, aliyechunguza kifo chake, ilihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo angeweza kuokolewa. Hospitali moja daktari alisema ni upele. Nyie mnauliza kwa nini mtoto hasemi, yule mwili wake ulikuwa unasema kila mahali.

#15 Nahodha_Mstaafu
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Ndugu sio kinga. Mtoto wa ndugu haandikwi popote, hana faili, hana afisa, akipotea shuleni wanaambiwa karudi kwao.

#16 Shangazi_wa_Wote
Mtoto mmoja wa London hafuti watoto wote wanaolelewa vizuri na bibi zao. Mimi nimelea wanne ambao sikuwazaa na wananiambia mpaka wanayopaswa kuficha.

#17 Mchokozi
Shangazi wewe hata mtu akikaa kimya unamtoa taarifa 😀 Ila seriasi kidogo, mtu mwingine ambaye hajatajwa. Tunaongelea watu wazima tu. Mimi bweni nililolala (shule ya kawaida, sio makao) waliotuumiza walikuwa wakubwa wetu. Makaoni je?

#18 Zamu_ya_Usiku
Mchokozi leo umeuliza la maana. Sehemu kubwa ya niliyoyaona ni watoto kwa watoto. Usiku mlezi mmoja, watoto wengi, vyumba viko mstari mrefu, choo kipo mwisho wa korido na taa yake imekufa. Mkubwa wa miaka 15 ambaye naye alifanyiwa huko alikotoka analala chumba kimoja na wa miaka 9. Hakuna aliyesoma faili lake siku anapokelewa, au lilikuja karatasi moja limeandikwa jina na tarehe basi. Sasa huyu mdogo atasemaje? Mkubwa ni kaka yake, anamtetea shuleni, na asubuhi wanapiga mswaki pamoja.

Na kingine, mtu mzima mwenye nia mbaya haanzi na ubaya. Anaanza na zawadi. Anampa simu acheze, anamruhusu achelewe kulala, anamwambia wewe ni tofauti na wenzako. Mtoto akija kushtuka anaona ameshapokea vingi, anajiona na yeye ana kosa. Na huyo huyo ofisini ndiye mfanyakazi bora, anajitolea zamu za wikiendi, wakubwa wanampenda. Anawalainisha watu wazima kabla ya mtoto.

#19 afisa_faili
Niko ustawi, siwezi kusema wapi. Woga ndio, aibu ndio, zawadi ndio, lakini kuna kitu hamjakigusa: mtoto anayesema ndiye anayehamishwa. Fikirieni. Analalamika leo, uchunguzi unaanza, mtuhumiwa anabaki kazini mpaka ushahidi upatikane, na sisi kwa kumlinda mtoto tunamtoa. Anapelekwa kwingine. Amepoteza shule, amepoteza rafiki, kitanda chake, na kama ana mdogo wake pale wametenganishwa. Wenzake waliobaki wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba ukisema unatoweka. Ile miongozo aliyoitaja Shangazi inasema ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ila kuwe na sababu nzito inayomhusu mtoto mwenyewe, lakini nafasi inapatikana moja, gari linasubiri, na jioni inaingia.

Tungeanza kumtoa mtuhumiwa kwanza, kwa likizo yenye malipo kama hajathibitishwa, mtoto abaki kwake. Nimelisema hili vikaoni mpaka nimechoka.

#20 binti_wa_bweni
Afisa, hapo #19 ndipo penyewe. Kulikuwa na dada mmoja bwenini kwetu alisema. Alimwambia mwalimu wa shule. Wiki haikuisha akawa hayupo, tukaambiwa amepelekwa kwa ndugu zake, na sanduku lake la bati likabaki chini ya kitanda mwaka mzima. Hakuna aliyelihamisha. Kila usiku unaliona.

Mimi nilikaa kimya kwa sababu yangu nyingine. Mama yangu alikuwa hai. Akija kunitembelea alikuwa anaishukuru ile ofisi mpaka anapiga magoti, na akiniaga ananiambia vumilia mwanangu, usome. Ningemwambia nini? Angeweza kunichukua? Hana pa kunipeleka, ningekuwa nimemwongezea mzigo tu. Nilimlinda mama.

#21 MamaWawili
Pole sana binti 😢

#22 Kalamu_Nzito
Binti asante kwa kuandika hili, usijibu swali lolote usilotaka. Naona sasa sababu zimekuwa nyingi kuliko nilivyodhani na nyingine zinapingana. Zamu anasema mtoto anaogopa, Daktari anasema hajajifunza kuamini, Afisa anasema amepiga hesabu na ameona kusema ni hasara, binti anasema ni upendo.

#23 Daktari_wa_Kata
Hazipingani, umri ni tofauti. Mdogo wa miaka 3 na binti wa 13 sio watu wale wale.

#24 afisa_faili
Daktari siafiki sana. Nimekutana na wa miaka 5 anayejua kabisa kwamba akisema watamtenga na mdogo wake. Watoto waliohamishwa hamishwa wanapiga hesabu mapema kuliko umri wao.

#25 Mlezi_Mwingine
Naomba na sisi walezi tusikilizwe. Mnaongea kana kwamba kila mfanyakazi ni mtuhumiwa. Nimeona mwenzangu akisingiziwa na mtoto aliyekasirika kunyimwa ruhusa ya kutoka, alikaa nje ya kazi muda mrefu, alivyosafishwa hakurudi tena, alivunjika. Tangu hapo wanaume wengi pale hawamgusi mtoto hata akianguka. Mtoto analia usiku, mlezi anasimama mlangoni anamwambia nyamaza, kwa kuogopa. Hayo ndiyo malezi? Mshahara wenyewe mdogo, zamu ndefu, mafunzo hakuna.

#26 Zamu_ya_Usiku
Mlezi ninakuelewa, nilipita hapo hapo. Ila linalomlinda mtoto linakulinda na wewe. Mlango wa ofisi uwe na kioo. Usiku wawe wawili. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari la zamu, saa, nani alikuwepo, mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, sio "mtoto alisumbua". Mtu asiyeandikiwa kitu ndiye anayesingiziwa kirahisi. Na mtoto akianguka mwinue, mbele za watu, mkumbatie.

#27 Kitinda_Mimba
Naongeza kwenye kuandika. Wales kaskazini kulikuwa na uchunguzi wa Sir Ronald Waterhouse, ripoti ilitoka 2000, kuhusu ukatili makaoni miaka ya 70 na 80. Mfanyakazi mmoja wa ndani alipiga kelele mapema, akasimamishwa, akafukuzwa kazi, na baadaye ripoti ikaja kusema bila yeye uchunguzi usingefanyika. Kwa hiyo tukiuliza kwa nini mtoto hasemi tuulize na mfanyakazi anayesema anafanywa nini. Baada ya ripoti ile Wales wakaanzisha Kamishna wa Watoto 2001, mtu ambaye sio mwajiriwa wa makao wala wa idara inayowaweka watoto huko. Norway walishakuwa na wa kwao tangu 1981.

#28 Mchokozi
Na sanduku la maoni je? Kila makao lipo ukutani.

#29 binti_wa_bweni
La kwetu ufunguo alikuwa nao mkurugenzi. Na sisi wote mwandiko wetu anaujua, ndiye anayesahihisha madaftari.

#30 afisa_faili
Umemaliza. Ile miongozo ya 2009 inataka mtoto awe na njia ya kulalamika anayoijua, inayofanya kazi na isiyopendelea upande, na pia awe na mtu wa kumwamini wa kuongea naye kwa siri. Huyo mtu asilipwe na makao. Awe yule yule, sio kila mwezi sura mpya. Atoke naye nje, watembee, acheze naye, aongee naye mambo ya mpira, na siku mtoto akisema kitu asimwahidi kwamba "hii itabaki kati yetu", maana hataweza kutimiza na mtoto atajua amesalitiwa. Amwambie ukweli tangu mwanzo: nikisikia unaumizwa itabidi nimwambie mtu fulani ili tulizuie, na wewe nitakuambia kila hatua. Na asimuulize "fulani alikugusa?", amuulize "ilikuwaje?" basi, anyamaze. Ukimtilia maneno mdomoni kesi inakufa mahakamani.

#31 Shangazi_wa_Wote
Kwa hiyo tunazunguka tunarudi kwangu, mtoto anahitaji mtu wake mmoja. Hiyo ni familia hiyo mnayoielezea.

#32 Nahodha_Mstaafu
Familia yenye mtu wa nje anayepiga hodi, Shangazi. Hata kwako.

#33 Shangazi_wa_Wote
Apige tu, atanikuta.

#34 mwl_ishara
Samahani nimechelewa, nimesoma yote. Nafundisha watoto viziwi na wengine wasioongea kabisa. Uzi mzima mnasema "kwa nini hasemi". Wanafunzi wangu wanaoishi makaoni wakiulizwa na mkaguzi, mkalimani anakuwa ni mfanyakazi wa hapo hapo. Mtoto anaeleza kwa ishara, mfanyakazi anamwambia mgeni "anasema yuko sawa". Nimesimama nikiona kwa macho yangu ishara aliyotoa mtoto sio hiyo. Hawa wanasema kila siku. Hao mnawawekea utaratibu gani?

#35 afisa_faili
Mwalimu, ulifanya nini siku hiyo?

#36 mwl_ishara
Nilimwambia mgeni pale pale, mbele ya wote, hicho sicho alichosema, naomba nitafsiri mimi. Akakubali. Sasa hivi nadai mkalimani wa kutoka nje kila ukaguzi, na kwa wasiojua ishara wapewe picha za kuonyesha kwa kidole, na kwenye hizo picha ziwepo sehemu zote za mwili na wafanyakazi wote wa zamu, maana seti niliyoonyeshwa juzi ilikuwa na mpira, chakula, kitanda na uso unaocheka.